Sura ya Saba: Ukuta Mfupi wa Ghorofa ya Pili

"Kaa vizuri, afande. Ukianguka hapo ni kesi nyingine," alisema binti wa kompyuta, akamvisha Inspekta ile miwani nzito na kumkaza mkanda kisogoni.

Inspekta alikaa vizuri. Kiti kilikuwa cha kuzunguka, kimewekwa katikati ya chumba kitupu ndani ya ofisi ya wasanifu majengo. Hakuja kustarehe. Jalada la kesi lilikuwa mkononi mwake mpaka jioni tu, na mfa maji hukamata maji.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Wiki iliyopita msimamizi wa ujenzi wa jengo jipya la hospitali alikutwa amekufa chini ya shimo la lifti, ameanguka kutoka ghorofa ya pili. Fundi umeme alikuwa mahabusu. Asubuhi ya siku ile alikuwa amerushiana maneno na marehemu mbele ya mafundi wenzake, na testa yake, bisibisi ya kupimia umeme yenye mpini mwekundu, ilikutwa shimoni, chini ya maiti. Juu ya hayo kulikuwa na shahidi wa macho, tena si wa kuokoteza. Matroni wa hospitali, mwanamke ambaye hata madaktari humpisha njiani, aliandika maelezo kwamba aliingia jengo jipya kukagua wodi, akamwona fundi umeme akimsukuma marehemu shimoni. Kesho asubuhi fundi angesomewa shtaka la kuua kwa kukusudia. Shtaka hilo halina dhamana, na mwisho wake kamba.

Mkuu wa kituo aliridhika. Inspekta naye angeridhika, kama si sentensi moja katika maelezo ya Matroni: "Nilitoka wodi ya wanawake, nikapiga hatua mbili tatu, nikawa mezani pa wauguzi." Inspekta alikuwa ameitembea ile korido. Mtu akitaka kuimaliza kwa hatua mbili tatu, basi awe twiga.

Alipouliza watu wa hospitali wanalijuaje jengo ambalo halijafunguliwa, aliambiwa habari za miwani. Kwa kuwa mahali pa ujenzi wafanyakazi wa hospitali walikatazwa kukanyaga bila ruhusa, walifundishwa jengo lote kwa miwani ya uhalisia pepe, wamekaa kitini. Siku ya kuhamia, nesi asiulize oksijeni iko wapi wakati mgonjwa anakata roho.

"Unaona nini?" aliuliza binti wa kompyuta.

"Korido."

"Elekeza kidole mwisho wa korido, halafu bonyeza."

Inspekta alibonyeza. Korido ilimezwa, akawa mwisho wake. Alibonyeza tena, akawa mlangoni pa wodi ya wanawake, na mara ya tatu akawa mbele ya meza ya wauguzi.

"Mtu hatembei humu," alisema.

"Hatembei, anaruka. Ndiyo maana wakifika kwenye jengo lenyewe wanashangaa. Njia hawapotei hata kidogo, wanajua mlango upi unatazamana na upi. Ila umbali hawaujui, maana miguu yao haikufundishwa kitu."

Kutoka mlangoni, konstebo alicheka. Kituo kizima kilimwita Mlingoti, kwa sababu hakuna mlango aliopita bila kuinama. Yeye na Inspekta walipoongozana barabarani watu waligeuka kutazama, kwani Inspekta alikuwa mfupi wa kuulizwa na watoto anasoma darasa la ngapi. Nyuma ya mgongo wake waliitwa Mlingoti na Nusu, na Inspekta alijua.

"Njia ya mwongo fupi, afande," alisema Mlingoti.

"Methali haisimami kizimbani. Wakili atasema mama wa watu alikuwa na haraka, hakupima korido. Tunyamaze."

Alizungusha kiti taratibu. Upande wa kulia palikuwa na kabati la mafaili, na juu ya kabati mchoraji alikuwa ameweka sanduku la huduma ya kwanza. Mbele ya meza ulisimama ule ukuta ambao michoro yote iliuita ukuta mfupi, wa kuwakinga wagonjwa wanaosubiri wasitazamwe na wanaoshuka kwenye lifti. Juu yake aliona ukumbi wa lifti wote, ngazi kando yake, na mlango wa lifti katikati. Kweli, mtu aliyesimama pale angeona kila kitu.

Kisha akarudi kwenye kabati, akalitazama sana.

"Binti, kabati hili lina kimo gani?"

"La kawaida. Kama lile hapo nyuma yako."

Inspekta alivua miwani, akageuka. Kabati la nyuma lilikuwa limempita. Tangu azaliwe hajawahi kuona juu ya kabati la aina ile bila kupanda kigoda.

"Haya macho niliyovaa ni ya nani?"

Binti hakuelewa. Inspekta alirudia swali kwa namna nyingine, naye akapiga paji la uso kwa kiganja. "Ahaa. Ni hivi, afande. Mtu amekaa, lakini anatakiwa aone kama amesimama. Mashine haiwezi kujua ukisimama unafika wapi, lazima uiambie. Wa kwanza kuivaa alikuwa Mhandisi wa jengo. Akapima kimo chake, akaingiza."

"Na waliofuata?"

"Nani alikumbuka? Ilibaki hivyo hivyo. Kuna nesi mmoja alipata ruhusa ya kufika kule, akarudi amenuna. Anasema tumemdanganya, rafu za dawa zimepandishwa. Tukamwambia hakuna rafu iliyopandishwa. Hakutuelewa, na kusema kweli na sisi hatukumwelewa."

"Mhandisi ana urefu gani?"

Binti alimnyooshea kidole Mlingoti. "Kama huyu. Labda huyu kampita kidogo."

"Matroni naye alijifunzia kwenye kiti hiki?"

"Wauguzi wote walipita hapa, yeye alikuwa hajapata nafasi. Sijui kama alishapata, maana seti moja ya miwani anayo Mhandisi nyumbani tangu wiki iliyopita. Si ni dada yake?"

Hilo Inspekta alilijua, kama lilivyojulikana na kila mtu. Matroni ni dada mkubwa wa Mhandisi, wa tumbo moja. Hakuna aliyeliona kuwa neno, kwa kuwa Mhandisi mwenyewe alishaandika maelezo kwamba siku ya msiba hakukanyaga pale. Alikuwa mji mwingine kukagua shehena ya vigae. Inspekta alimshukuru binti, akaomba kurekebishiwa mashine kwa kimo chake yeye, akavaa tena. Sanduku la huduma ya kwanza lilitoweka juu ya kabati. Ukumbi wa lifti ulitoweka nyuma ya ukuta.

Wakiwa njiani kwenda hospitalini simu iliita. Alikuwa Mkuu wa kituo.

"Jalada liko wapi?"

"Ninalo, mkuu."

"Unalifanyia nini? Kuna ugomvi, kuna testa, kuna shahidi. Unataka na marehemu aje aandike maelezo?"

"Nitalileta jioni, mkuu."

"Mke wa huyo fundi yuko hapa benchini tangu asubuhi. Amemletea shati safi ananiuliza kama leo anatoka. Nimwambie nini?"

"Asiondoke na shati," alisema Inspekta, akakata simu kabla hajaulizwa maana yake.

Jengo jipya lilikuwa kimya, mafundi wamesimamishwa kazi hadi uchunguzi uishe. Walianzia chini, penye shimo la lifti. Inspekta alitoa picha zilizopigwa siku ile kabla maiti haijaondolewa, na picha ya testa baada ya maiti kuinuliwa. Alimpa Mlingoti taa ya mkononi na ile picha ya mwisho.

"Niambie unachoona. Usiniambie unachojua."

Mlingoti alisogeza picha karibu na pua. "Testa. Mpini mwekundu. Ina saruji."

"Vumbi au saruji?"

"Saruji, afande. Imeganda mpaka kwenye ncha. Na hapa imeshikana na sakafu, imeacha alama yake."

"Vumbi la saruji linaganda likipata unyevu, na kwa muda wake. Siku ya msiba hapakuchanganywa saruji humu, walikuwa wanapaka rangi. Hii testa ilianguka zamani. Maiti iliikuta."

Mlingoti alirudisha picha. Yeye ndiye aliyeiokota testa ile na kushangilia, na sasa aliona haya. Inspekta alihesabu kilichobaki. Ugomvi wa asubuhi haukuwa ushahidi wa lolote, kwani mahali pa ujenzi pasipo na ugomvi hapajengwi. Testa imekwenda. Katika jalada lote alibaki Matroni peke yake, na maisha ya fundi umeme yalining'inia kwenye maneno yake.

Walipanda ghorofa ya pili, wakapima ukuta mfupi. Inspekta alisimama kando yake, ukampita macho ukaishia kwenye nywele. Aliulinganisha na mchoro, na pia na picha za siku ya msiba: kimo kile kile, rangi ile ile. Hapo mezani siku ile hapakuwa na kiti, wala ndoo, wala ngazi ya fundi. Meza yenyewe ilikuwa bado imefungwa nailoni, nzima, bila kuchanika.

"Kamwite Matroni," alimwambia Mlingoti. "Kwa adabu. Mwambie namwomba anitembeze jengo."

Alikuja bila kusita. Alikuwa mama wa makamo, mfupi kuliko hata Inspekta, mnene wa wastani, mwenye sauti iliyozoea kusikilizwa mara moja.

"Mwanangu, mimi nina wagonjwa. Maelezo yangu nilishayatoa."

"Najua, mama, samahani sana. Ni utaratibu tu. Mahakama itataka kujua ulipita wapi, na mimi jengo hili linanichanganya. Kabla hatujaanza, nikuulize jambo dogo. Ulipomwona fundi, ulikuwa umesimama juu ya kitu chochote? Kiti, labda, au boksi?"

"Nipande boksi na umri huu? Nilisimama chini, kwa miguu yangu. Ule ukuta si mfupi?"

"Ndivyo unavyoitwa."

Mlingoti aliandika jibu, akamsomea, naye akaitikia kwa kichwa. Kisha Matroni akatangulia. Alitembea kwa uhakika kabisa. Hapa chumba cha dawa, akasema, hapa mitungi ya oksijeni, kule choo cha wagonjwa na mlango wake unafungukia nje ili mtu akianguka ndani aweze kutolewa. Hakukosea hata kimoja. Mtu yeyote angeapa kwamba mama huyu amelala na kuamka ndani ya jengo lile.

Alitoka wodi ya wanawake akisema, "Na meza ya wauguzi ndiyo hii hapa," akanyoosha mkono kuiegemea.

Mkono ulishika hewa. Meza ilikuwa bado mbali, mwisho wa korido. Alijicheka kidogo, akajitengeneza kofia, akaendelea kutembea, na Inspekta akamfuata. Walipofika mezani mama alikuwa anahema.

"Ulisimama wapi?"

"Hapa." Aliipanga miguu yake kwa uangalifu, akitazama chini. "Niligeuka hivi, nikaona..."

Aliinua uso. Mbele yake ulikuwa ukuta mweupe, rangi mpya, hauna dirisha wala tundu. Alitazama kushoto na kulia. Kisha Matroni wa hospitali nzima alisimama kwa ncha za vidole, kidevu juu, na hata hapo hakufika.

"Wameuongeza ukuta huu," alisema.

"Haujaongezwa, mama. Picha za siku ile hizi hapa. Konstebo mwenyewe amesimama kando yake, unaona ukuta unapomfikia. Mlingoti, njoo usimame aliposimama mama. Unaona nini?"

"Ukumbi wa lifti, afande. Ngazi. Mlango wa lifti na utepe wetu."

"Na wewe, mama, unaona nini?"

Matroni alishusha visigino.

"Ukuta," alisema.

Inspekta alimsogezea kiti alichokuwa amekipandisha kutoka chini makusudi, akamkalisha. Hakumharakisha. Alikuwa amehoji watu wengi, na aliwajua wale ambao ukiwapigia kelele wanajifunga, ukinyamaza wanafunguka wenyewe.

"Nikikuuliza kama uliwahi kuingia jengo hili kabla ya leo, utaniambia nini?"

"Sikuwahi." Alivua kofia, akaishika mapajani. "Leo ndiyo mara ya kwanza."

"Nani aliona, basi?"

"Mdogo wangu." Sasa maneno yalimtoka. "Aliniambia aliona kwa macho yake fundi akimsukuma yule baba. Lakini alikuwa ameshaandika kwamba hakuwepo, kwa sababu alitakiwa awe kwenye vigae na hakwenda. Akigeuza maneno atafukuzwa kazi. Na akinyamaza, muuaji atatoka, damu ya mtu ipotee bure. Akasema, dada, wewe wakikusikia hawatakuhoji mara mbili. Nikamwazima mdomo, Inspekta. Nilijua nasema uongo, lakini niliamini ni uongo juu ya mimi kuwepo tu. Kilichotendeka niliamini ni kweli."

"Na yeye akakuazima macho."

"Alinikalisha sebuleni kwangu, akanivisha miwani. Akanileta mpaka hapa. Akasema fundi alisimama pale, marehemu pale, sasa geuka, tazama juu ya ukuta. Nikatazama mara nyingi. Mwanangu, nikilala nawaona. Ukinishikisha msahafu au Biblia sasa hivi naweza kuapa nimewaona, na ndani ya ile miwani hapakuwa na mtu hata mmoja."

Mlingoti aliacha kuandika. Inspekta alimwonyesha kwa jicho aendelee.

"Ndugu yako aliona lifti kutoka hapa kwa sababu ni mrefu," alisema. "Hakufikiri kwamba wewe hungeiona. Mashine ilikuwa na kimo chake, na mtu hajui kwamba anaona kwa kimo fulani mpaka apunguziwe. Sasa nisikilize, mama. Fundi umeme tunaye kwa neno lako tu. Testa ilikuwa shimoni kabla. Mafundi wenzake wanasema alikuwa nao chini, na sisi hatukuwaamini kwa ajili yako. Ukiondoa neno lako, ghorofa hii siku ile ilikuwa na watu wawili ninaowajua. Mmoja amekufa. Mwingine umeniambia wewe."

Alikuwa mwanamke mwenye akili, na Inspekta aliona wazi kwamba hakuhitaji kuongezewa. Uso ulimkauka. Kwa muda alikunja ile kofia na kuikunjua.

"Yule msimamizi alikuwa amekataa kusema jengo liko tayari," alisema hatimaye, polepole. "Alikuwa na maneno ya nyufa kwenye nguzo za chini. Mdogo wangu hakuwa akilala wala kula. Nikamwambia zungumza naye kiume mmalizane."

"Walizungumza."

"Walizungumza." Alifuta uso kwa kofia. Uchungu ulimjaa waziwazi, lakini sauti haikuvunjika. "Mama yetu alifariki huyu hajatambaa. Nimembeba mgongoni nikienda shule, mwalimu ananirudisha, kesho narudi naye. Sikuzaa. Niliona huyu ananitosha. Nampenda kuliko nafsi yangu, na ameniweka nimnyonge mtu."

Alimgeukia Inspekta.

"Huyo fundi ana nani?"

"Mke. Yuko benchini kituoni na shati la mumewe."

Matroni alivaa tena kofia, akaibana kwa pini, akaifanya iwe sawa. Ilikuwa kana kwamba anaingia zamu.

"Mkimfuata nyinyi atakimbia. Ana gari na ana pasi ya kusafiria. Nikimwita mimi, atakuja." Alitoa simu kwenye mfuko wa gauni, akabonyeza, akaweka sauti ya nje ili wote wasikie.

"Dada, shikamoo. Uko wapi?" Sauti ya Mhandisi ilikuwa nzuri, ya mtu aliyelelewa vizuri.

"Marahaba. Niko jengo jipya, ghorofa ya pili. Polisi walitaka niwaonyeshe njia, wameshaondoka. Miguu imekataa kushuka, baba. Nimekaa mezani pa wauguzi."

"Walikuuliza nini?"

"Yale yale. Nimewajibu. Njoo unichukue."

"Usijaribu hizo ngazi peke yako. Dakika kumi nipo hapo, nitakubeba."

"Njoo," alisema, akakata.

Alibaki akiitazama simu mpaka taa yake ikazimika. Kisha akainuka, akaangalia ukuta, upande zilikokuwa ngazi nyuma yake, na nafasi iliyokuwa kati ya meza na ukuta, kwa jicho la mtu anayepanga vitanda vya wodi.

"Inspekta, kaa hapa, nyuma ya ukuta. Wewe hataweza kukuona." Akamgeukia Mlingoti. "Na wewe mrefu, piga magoti. Akifika juu ya ngazi ataona kichwa chako kabla hajaniona mimi, na akiniona mimi kwanza hatarudi nyuma."

Mlingoti alimtazama Inspekta, Inspekta akaitikia, na Mlingoti akapiga magoti.